Sura ya mutumbula

Mujukuu wangu Ngalula,

Tuko bazima, ila tata yako mwenye kukuzaa angali anakohoa. Unaniuliza mutumbula, yule mwenye kukamata batu zamani na kubapelekea bazungu, umupe sura gani mu filme yako. Wakati wa Zaïre, hapa Musonoi, mi na barafiki tulitengeneza filme yetu. Mi nilikuwa mutumbula. Balinipaka unga uso muzima nionekane muzungu. Siku ya kuionyesha, batu balicheka sana. Tata yangu hakucheka.

“Mulikosea,” alisema. “Mwenye kuchukua kaka yangu hakukuwa muzungu. Alimuita kwa jina, mu luga yetu ya Tshiluba.”

Sikuigiza tena. Nakutumia picha yangu ya ujana. Umupe sura hii, bila unga.

Ni mi, kambo yako.