Usigonge, Piga Hodi

Mjukuu wangu Neema,

Huku ughaibuni, mtaani Fereej Bin Mahmoud, tu wazima, ila mimi situlii tangu tuliposikia ile mishindo ya makombora angani. Mama yako yuko shifti hospitalini.

Umeniuliza kama mashairi ya Kiebrania mnayosoma chuoni ni ya kweli, yakililia amani na huku vita haviishi. Nikiwa msichana nilifanya kazi Nairobi kwa mama mmoja Mwisraeli, mwanawe akiwa vitani kwao. Niliambiwa kwamba kwa watu wa kigeni hupigi hodi, unagonga mlango. Siku ya kwanza nikagonga. Alifungua akitetemeka.

Baadaye alinisomea shairi la kwao, akanieleza: mama anamsihi askari anayeleta habari za kifo cha mwanawe apite tu, asigonge. "Kwetu habari hiyo huja hivyo," akasema.

Kesho yake nilipaza sauti tangu getini: "Hodi, mama!" Akacheka huku analia.

Jana kijana wa kuleta chakula aligonga hapa, na mama yako alikuwa hajarudi. Sikwenda kumfungulia. Nikalikumbuka shairi lile, kama nilivyoelezwa.

Ukija Disemba, Neema, piga hodi. Nisikie sauti yako kwanza.

Nyanya yako