Kifungo cha Sajini

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Naitangazia dunia — yaani mimi na hii kalamu — kwamba leo, hapa Tongaren, taifa limepata kifungo. Kimoja. Cha koti.

Kaka yangu Zachary alikodi ile mashine ya watu wanaotafuta dhahabu ya wazungu, akaizungusha pale palipokuwa na nyumba ya Babu. Ikalia! Akachimba mpaka kiunoni. Kifungo cha shaba. Akapiga magoti. Ati si alisema Babu alikuwa askari? Cha jeshi hiki! Sasa Mukhisa atajua hajui.

Mukhisa ni jirani. Miaka yote anasema vita vya Babu kule Burma vilikuwa vya mdomo tu. Jumamosi tunazindua kaburi la Babu, na Mukhisa amealikwa. Kiti cha mbele.

Jumanne, 13 Agosti

Nimekiloweka kwa ndimu. Zachary alitaka kukisugua kwa msasa — msasa! Simu imenifundisha: kifungo usikiangalie uso tu, kigeuze. Kitanzi cha nyuma kimechomelewa. Cha zamani kweli. Mbele, simba amesimama.

"Simba ni jeshi," Zachary akasema.

"Hata kwa kiberiti kuna simba."

Hakucheka. Amemwagiza fundi aandike SAJINI kwenye jiwe, aache na kishimo cha kutia kifungo. Juzi Babu alikuwa koplo. Kwetu marehemu hupanda cheo.

Ijumaa, 16 Agosti

Kitale, duka la vitambaa la Mama Savitri, anayeuza vifungo tangu zamani. Nilitaka aniambie ni cha kikosi gani. Hakukitazama hata mara mbili. Akashusha mkebe: vifungo vya simba, tele, ndugu zake kabisa.

"Hii ya jumba ya sinema ya baba yangu, hapa Kitale. Bawabu alivaa koti nyekundu."

Bawabu gani?

"Mrefu, mtu ya Bungoma. Meno ya chini mbili hakuna."

Nikajipa moyo. Wazee wote wa rika la Babu waling'olewa.

"Sisi watoto alituita Rekruti."

Babu alituita Rekruti.

Simu. Zachary, anapiga kelele: jiwe limesimama, simenti bado mbichi, leta kifungo bana! Mukhisa amepita hapo, amesoma SAJINI, amevua kofia!

Nikasema nakuja. Kisha nikamuuliza Mama Savitri jambo moja la mwisho.

Ndiyo, filamu ya vita vya Burma ilikuwepo. Ilichezwa mwezi mzima. Bawabu aliingia kila jioni, bure.