Gari Linalopumulia Ndani

Jumapili, 21 Aprili 1974

Mama mkwe ameshukiwa na Roho Mtakatifu mahali fulani kati ya nyumba zetu za reli na kanisa la Lanet. Alishuka garini akiimba wimbo ambao hakuna aliyeuanzisha. Wazee wa kanisa wakaitikia amina. Mahubiri yalipoanza alilala, akateleza kutoka kwenye benchi, akakomea miguuni pa mhazini.

Waumini wanasema amebarikiwa. Mimi, niliyeshuka katika gari hilo hilo linalonuka mafuta, na kichwa kinachogonga, nina dhana nyingine. Ila ni dhana tu. Huenda Roho naye hushuka pamoja na maumivu ya kichwa.

Tulipofika nyumbani mume wangu, Nicodemus, alitoa hukumu kabla ya kuvua koti. Gari liuzwe. Kosgei, mkulima wa viazi wa Rongai, amekuwa akiliomba tangu Januari.

– Gari inaangusha mama yangu mbele ya watu? Hapana, Mwalimu. Iende ikabebe viazi.

Tulilinunua pamoja, Zephyr hili la mwaka wa hamsini na sita, lakini limeandikishwa kwa jina la Nicodemus. Shule yangu iko ng'ambo ya Rongai na haina nyumba za walimu. Bila gari, muhula ujao sitafundisha kemia. Nicodemus amenikumbusha, kwa upole unaoudhi kuliko ukali, kwamba shule moja hapa mjini inatafuta mwalimu wa upishi na ushonaji.

Nimeomba muda hadi Jumamosi. Amekubali kwa sharti moja: Mama aketi nyuma, aende, arudi, kisha aseme kama gari linanuka. Lisiponuka, litabaki. Pua yake, si yangu. Yangu ina shahada, amesema, kwa hiyo ina upendeleo.

Jumatatu, 22 Aprili

Gereji ya Surinder Singh. Foleni kubwa. Tangu mashindano ya magari ya Pasaka yapite hapa, kila mwanamume wa Nakuru anataka gari lake livuke mafuriko. Makarani, wauza mbegu, hata katekista mmoja mwenye Morris isiyo na breki za mkono.

Nicodemus naye. Nilijua alilipeleka gari "kuangaliwa". Sikujua liliangaliwa namna gani.

– Mwalimu, hii sasa inaingia maji mpaka hapa, akasema Surinder, akijipiga kifuani.
– Maji ya mto gani, Bwana Singh?
– Mto yoyote! Wewe chagua.

Akanionyesha kazi yake kwa fahari. Injini huvuja pumzi chafu tumboni mwake, mvuke wa oili na moshi, na paipu iliyotoka kiwandani huishusha pumzi hiyo chini ya gari, iondoke na upepo. Surinder ameikata. Ameipandisha juu, maji yasiingie, kama ya magari ya mashindano. Tangi la petroli nalo hupumua kwa mrija mdogo. Huo pia ameupandisha.

Nikauliza vinaishia wapi. Paipu ya injini inaishia chini ya dashibodi. Mrija wa tangi, ndani ya buti la mizigo, nyuma ya kiti cha Mama.

– Lakini ya mashindano si hutokea nje, juu ya paa?
– Ya mashindano, ndiyo. Bwana yako alisema rangi isiguswe.

Basi hivyo ndivyo ilivyo. Mume wangu alitaka gari la kuvuka mto bila kukwaruzwa. Surinder ni mtu wa kuridhisha wateja. Na sisi tumekuwa tukienda kumwabudu Mungu ndani ya mapafu ya injini.

Sikumwachia gari alirekebishe. Si kiburi, nadhani. Au ni kiburi, lakini chenye sababu.

Jumanne, 23 Aprili

Siku nzima chini ya bonneti, katika suruali ya zamani ya Nicodemus. Majirani wamepita mara nyingi kuliko kawaida yao.

Nimeamua kubadili kitu kimoja kwa wakati, kama tunavyowaambia wanafunzi. Kwanza pumzi ya injini. Nimeiunganisha na chujio la hewa lililo juu ya kabureta, ili injini ivute uchafu wake yenyewe na kuuchoma. Wazo hili linanipendeza hata kimaadili. Mrija niliutoa maabara ya shule: mpira mwekundu, laini, safi.

Jioni, jaribio. Mama mkwe alivaa viatu vya kanisani. Akaketi nyuma, wima, mkoba magotini, kama mke wa gavana. Tulifika njia panda ya Njoro tu.

– Mwanangu, simamisha.
– Bado inanuka, Mama?
– Jumapili ilinuka kama lampu. Leo inanuka lampu, na tena kuna mtu anachoma viatu.

Nikafungua bonneti. Mpira wa maabara ulikuwa umekunywa oili, ukavimba, ukalegea kama utumbo wa mbuzi, ukalalia ekzosi. Ulikuwa unafuka moshi.

Kila mwaka nafundisha kwamba mpira wa kawaida huharibiwa na mafuta. Nafundisha kwa mchoro. Wasichana hunakili mchoro huo vizuri sana.

Jumatano, 24 Aprili

Dukani kwa Yusufali, kununua paipu isiyoogopa mafuta.

– Mwambie bwana aje mwenyewe, mama. Hii mambo ya gari anaelewa.
– Bwana ndiye ameifikisha hapa.

Akacheka mpaka akaketi. Akaikata ndefu kuliko nilivyoomba, akaongeza klipu mbili, akasema hiyo ni ya pole.

Nimeifunga mbali na joto. Harufu ya viatu hakuna. Ya oili hakuna. Ya petroli ipo. Nicodemus alinusa kutoka mlangoni, akaenda kumpigia Kosgei simu kutoka stesheni ya reli.

Alhamisi, 25 Aprili

Tangi. Hili ndilo lililonitia hofu. Oili inanuka tu. Petroli inaweza kutumaliza sote, na Mama ameiketia tangu wiki iliyopita akiimba.

Swali lenyewe si gumu, ukiliondolea wanaume. Tangi lazima livute hewa, la sivyo petroli haitoki. Mvuke nao lazima utoke, hasa jua likiwaka na tangi likijaa. Kwa hiyo huwezi kuliziba, na huwezi kuliacha lipumulie ndani. Nimeupandisha mrija ndani ya buti hadi juu kuliko mdomo wa tangi, ili petroli isimwagike kwenye kona, kisha nikaushusha kwa kuupinda, ukatokea nje chini ya gari, upande usio na ekzosi. Tundu la sakafu nimelitoboa mwenyewe. Mdomo nimeuelekeza chini na nyuma, usile vumbi letu hili jeupe.

Sikugusa rangi. Niandike hilo mahali fulani, basi naliandika hapa.

Jaribio hadi Rongai na kurudi. Mama hakuimba. Hakulala. Alitazama mashamba ya mahindi na kuuliza habari za kila mtu tuliyempita.

– Na harufu, Mama?
– Nitasema Jumamosi.

Kulikuwa na mawingu. Tangi lilikuwa nusu. Huenda sijatengeneza kitu; huenda ni hali ya hewa tu.

Ijumaa, 26 Aprili

Jua kali. Nimejaza tangi hadi mdomoni, nikaliacha gari juani toka asubuhi, kisha nikampeleka Mama hadi Mbaruk. Sikusikia harufu yoyote. Lakini nimekaa na harufu hiyo siku nyingi. Pua yangu ingeweza kunidanganya kwa nia njema. Nilimtazama Mama kwenye kioo. Uso mtupu. Akaomba tupitie kwa dada yake wa Lanet. Kisha sokoni. Kisha kwa dada yake tena, alikuwa amesahau kumsalimia mumewe.

Jioni Nicodemus aliliendesha mwenyewe kuzunguka nyumba za reli. Akarudi akipiga mluzi.

– Imekuwa tamu hii gari, Mwalimu. Hata Kosgei akiiona kesho ataongeza bei.

Nikauliza: si ulisema lisiponuka litabaki? Akasema ndiyo, alisema hivyo, lakini mtu hawezi kumfungia mteja mlango. Kisha akaomba chai.

Kwa hiyo likinuka, linauzwa kwa sababu linanuka. Lisiponuka, linauzwa vizuri zaidi. Nimelitazama jambo hili kila upande nikitafuta kosa katika hoja zangu. Natamani ningeliona.

Jumamosi, 27 Aprili

Naandika juu ya bonneti, Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma. Bonneti bado ina joto, kalamu inateleza.

Kosgei alikuja na kofia mpya. Akazunguka gari, akapiga teke magurudumu, akafungua buti, akaingiza kichwa, akanusa, akakitoa akitabasamu. Nicodemus akajaza kifua kana kwamba tundu lile amelitoboa yeye.

– Basi tumwulize mwenye pua, akasema. Mama, inanuka ama hainuki?

Mama alikuwa tayari amekaa. Si nyuma, mbele, kando ya usukani. Akasema harufu haijulikani gari likisimama. Akasema pia hajala nyama choma tangu Krismasi.

Ndiyo maana tuko hapa, wanne, mimi nikiendesha, hao wawili nyuma wakibanwa magoti na mkungu wa ndizi ambao Mama aliununua Mbaruk. Njia nzima Kosgei aliuliza, Nicodemus akauliza. Mama alijibu kwamba bado ananusa.

Sasa wako mezani. Kabla sijaja huku garini nilikwenda kunawa mikono, Mama akanifuata hadi kwenye birika.

– Mama, niambie mimi peke yangu. Linanuka?

Akaninawisha kwanza, polepole, mkono mmoja baada ya mwingine, mimi mkaza mwana wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

– Nikisema inanuka, Nico anauza. Nikisema hainuki, huyu wa viazi ananunua. Kwa hivyo mimi ninakula.

Sijui niamini nini. Pengine ana njaa tu. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, na hakuna mtu anayeweza kula nyama mpaka wiki ijayo.

Nicodemus amesimama, anatafuta mchinjaji alipe tuondoke. Kosgei amevaa kofia. Mama amemwita mchinjaji kabla yao, anamwonyesha ubavu mzima ulioning'inia dirishani, kisha ananinyooshea kidole mimi, huku garini, na kumwambia kwamba mwalimu bado hajala. Mchinjaji ananiangalia, anacheka, anauteremsha.