Mtungi Wako Nimeuvunja

Bigwa, Morogoro
14 Julai 2024

Mpendwa mjukuu wangu Mwaisha, mke mwenzangu,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Hujambo huko Mwanza? Kifua kimepona? Kunywa tangawizi, achana na maji ya friji. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonigomea nikishuka bondeni kuchimba udongo. Anayeniandikia ni Yasmin wa jirani, nimemkataza kunirembea maneno.

Sasa kaa chini. Ule mtungi wa mama yangu, niliosema nikifa ni wako, nimeuvunja. Kwa mchi, kwa mkono wangu. Usilie bado.

Kikundi chetu cha ufinyanzi alikianzisha mama, huyo uliyepewa jina lake, pamoja na Veronika, bi harusi mgeni kutoka Kyela, mumewe kapata kazi kiwandani. Watu wakasema Mluguru na mgeni hawatafika mbali. Mama akamwambia alete kigae cha chungu cha kwao. Wakakitwanga pamoja na cha mama, wakachanganya na udongo. Tangu hapo kila anayeingia huleta kigae cha kwao. Unga wa vigae ndio unaozuia chungu kisipasuke motoni.

Mwaka huu wameingia wasichana, Rahel na wenzake. Nilifurahi, maana tulibaki vikongwe watupu. Lakini kigae watakitoa wapi? Kwao ni sufuria na ndoo za plastiki. Rundo letu la vigae nalo lilikwisha. Tukawaonea huruma, tukasema watie mchanga wa mtoni. Siku ya kuchoma, moto ulipokolea tu, vyungu vikalia pa, pa, pa kama bisi. Hakikubaki kizima. Hata vipande vyake havikuiva, ukivitia maji vinarudi tope. Rahel akajifuta mikono, akasema yeye harudi tena, na wenzake wakaanza kukusanya khanga zao.

Nikaingia ndani, nikautoa mtungi. Veronika akanishika mkono.

“Bi Mwanaasha, huo ni wa mama yako.”

“Mama hakuufinyanga ukae pembeni tuutazame.”

Nikaupiga. Kila msichana nikampa kipande atwange mwenyewe, kiwe ndicho kigae cha kwao. Rahel alitwanga amenuna, lakini alitwanga.

Juzi tumechoma tena. Nilikaa natega sikio, nikasikia kuni tu. Tulipofukua majivu, vyungu vyekundu, ukivigonga vinaitika. Rahel kakumbatia chake kingali cha moto, kaungua, anacheka.

Basi mtungi huna. Ila nimekuwekea donge la udongo lenye unga wake, nimelifunga kwa gunia, kila asubuhi nalinyunyizia maji. Njoo ufinyange wa kwako. Usiniambie mikono yako haijui. Hata yangu ilizaliwa haijui.

Msalimie mumeo Salehe, mwambie akuruhusu kabla sijamfuata. Mjomba wako Dadi anakusalimu, na Veronika pia. Mungu akulainishie njia ya kuja huku.

Wako akupendaye hata ukinuna,

Bibi yako, Mwanaasha