Wachezaji Wawili

Jumatano, 16 Julai 2025

Ifahamike kwa wote wasiohusika kwamba kuanzia leo, saa nne na robo asubuhi, mimi Restuta Erasmo wa kidato cha tatu B ni mnene rasmi. Kabla ya hapo nilikuwa mnene wa mtaani tu, mnene wa kuitwaitwa. Sasa nina barua. Ina muhuri, namba ya kumbukumbu na sahihi mbili.

Ni mradi wa watafiti kutoka Dar. Wameleta mashine ya gemu, lakini siyo gemu la kukaa. Unasimama mbele ya televisheni, kamera inakutazama, unaruka, unakwepa, unapiga ngumi hewa, na katuni ndani inafanya unachofanya. Wanataka kujua kama wanene wa Lindi wakicheza nusu saa kila siku watapungua. Tumechaguliwa kumi na wawili. Tumesomwa majina mstarini mbele ya shule nzima, ili kutunza siri zetu.

Mama kaisoma barua mara mbili. Nikajiandaa kwa kilio. Akaenda kuiweka kwenye bahasha ya vyeti.

Ijumaa, 18 Julai

Kilo themanini na nne. Dada Anjelina, mtafiti, kanisomea kwa sauti ya chini kama anatoa pole. Masharti: mizani kila Ijumaa. Asiyepungua kilo moja kufikia tarehe 29 Agosti, nafasi yake anapewa mwingine.

Wampe. Hata leo.

Mwalimu Kibwana wa michezo alisimama mlangoni, filimbi shingoni. "Uzito wa juu, jipangeni!" Wenzangu wakatazama sakafu. Nikamwambia, shikamoo mwalimu, uzito wa juu ndio hupigana mwisho, wepesi wakishamaliza kupasha ulingo joto.

Nimefagia madarasa mawili. Nimefagia kwa heshima zote.

Jumatatu, 21 Julai

Siku ya kwanza ya gemu. Nikasimama mbele ya kamera. Skrini ikaandika, kwa Kiingereza, kwamba imeona wachezaji wawili.

Nilikuwa peke yangu.

Kicheko! Hata wanene wenzangu walicheka, wasaliti. Dada Anjelina akakimbilia kubonyeza — samahani mdogo wangu, ni mwanga, ni mwanga tu wa dirisha.

"Iache," nikasema. "Tutacheza wote wawili."

Tukacheza. Pointi elfu moja mia nne. Aliyenifuatia, Warda, hakufika hata elfu. Nilitoka nimelowa kama nimeoga na nguo. Na — naandika kwa sababu hasomi mtu — nilifurahi. Sijawahi kuwa wa kwanza katika kitu chochote kinachohitaji miguu.

Katuni inayoniwakilisha ina kiuno cha nyigu. Nimeuliza kama inaweza kunenepeshwa. Haina hiyo sehemu.

Jumanne, 5 Agosti

Unene umekuwa cheo. Sikudhani nitaishi kuyaona haya. Wembamba wanajazana dirishani kututazama. Wanaosubiri nafasi wamefika arobaini. Jerome, yule mwenye miguu ya korongo, leo kaenda kupimwa na mawe mifukoni. Kaptula ikamshuka mbele ya dada Anjelina.

Katoka amefura. "Mnabebwa nyie! Sisi tumekosa nini?"

Nikamwambia, hujakosa kitu Jerome, umekosa nyama tu.

Leo levo ya dansi. Nikacheza kama bibi wa Newala alivyonifundisha, kiuno chote. Pointi sifuri. Inahesabu mikono na magoti. Imetengenezwa na watu wasiojua kiuno kina kazi gani.

Ila nafasi yangu siiachii. Ile "wampe" ya siku ile naifuta.

Ijumaa, 15 Agosti

Themanini na tano.

Nimeongezeka! Naongoza kwa pointi. Niko levo ya tisa. Kilima cha Mtanda sasa nakipanda moja kwa moja — zamani nilikuwa na adabu sana njiani, nikimsimamia kila mtu kumsalimia, ili nipumue. Mizani haijui hayo. Mizani inajua kilo.

Dada Anjelina kaniuliza kwa upole nakula nini nyumbani. Nikaanza kuhesabu. Siku nyingine uji. Ijumaa alfajiri — wali wa nazi, chewa wa kukaanga, chai ya maziwa, na mama amesimama pembeni anasema ongeza, ongeza, leo si mnapimwa?

Jioni nikamwuliza mama kwa nini Ijumaa tu. Akaingia ndani akatoka na kadi yangu ya kliniki ya utotoni, imekunjwa mpaka imechanika. Kidole kwenye mstari. "Hapa miezi saba. Kijivu, rangi ya uzito pungufu. Unaona? Nesi alinisema mbele ya foleni nzima: we mama, huyu mtoto unamlisha upepo? Nikaapa. Mwanangu hatapanda tena mizani akashuka."

Nikamweleza mizani hii inataka mtu ashuke.

"Mizani gani hiyo?" kasema. "Ya wachawi?"

Jumapili, 24 Agosti

Nimekataa sahani ya pili. Kwa mara ya kwanza maishani.

"Mama, nimeshiba."

"Hujashiba. Umefundishwa."

"Nataka nibaki kwenye gemu."

"Watu wataniuliza mtoto ana nini. Watasema anaumwa. Watasema mama yake siku hizi hana kitu."

"Waseme."

"Hutaki chakula, au hunitaki mimi?"

Nilikuwa na jibu zuri sana. Limenijia saa mbili baadaye, nikiosha vyombo.

Mama anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimekwenda dukani kwa Mzee Sultanali, kwenye mizani ya magunia ya mchele. Shikamoo mzee, naomba kujipima. Marahaba binti, panda. Akavaa miwani, akasogeza jiwe taratibu kama ananiuza kweli. "Themanini na mbili na robo tatu. Nikufungie?"

Nimeshuka! Kutoka themanini na nne, ni kilo na robo. Napita! Robo tu ya ziada, lakini napita.

Kesho ni Ijumaa. Mama ameshaloweka mchele na kukuna nazi. Chewa yuko kwenye chumvi, ananitazama.

Ijumaa, 29 Agosti

Naandika nikiwa benchini. Nimetoka nyumbani kabla hajawasha moto. Niko wa nne kwenye foleni.

Warda kapanda. Kapungua mbili. Makofi.

Mama ametokea! Ameshika hotipoti kwa mikono miwili kama anapeleka sadaka. Kavaa sweta juu ya gauni, na khanga mbili. Watu dirishani wamempisha.

"Shikamoo mama," dada Anjelina kasema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayepunguza watoto wa watu?"

Mwalimu Kibwana kataka kuingilia. Mama kamwambia, wewe baba endelea na filimbi yako.

Nimesimama. Sikupanga. Nimesema sitakula, mama, hata kijiko, mpaka nimalize hapa. Na wewe dada, ukiandika kilo zangu, andika na pointi zangu pembeni, andika na kilima cha Mtanda ninavyokipanda, la sivyo siipandi mizani yako. Sauti imetoka kubwa. Nadhani nimesikika mpaka jikoni. Mtu kapiga mluzi — Jerome.

Dada Anjelina kasema, Restuta, kaa mdogo wangu, nitaandika. Nimekaa.

Mama hajakaa. Kaweka hotipoti mezani. Anaizunguka mizani kama anakagua mbuzi.

"Hiki ndicho kinachomtisha mwanangu? Kinipime mimi kwanza. Nione kama kinauma."

Anavua kandambili. Anavua sweta, anakunja khanga moja, anakunja ya pili, anaziweka juu ya hotipoti. Kapanda. Kaniangalia, kidevu juu.

Dada Anjelina kainama kusoma. Kamwomba ashuke, apande tena. Kapanda tena. Dada Anjelina anamwuliza polepole, mama, leo umekula nini? Mama kasema, nimeonja, mpishi hali. Kacheka. Kacheka peke yake.

Kutoka hapa namba naiona vizuri.

Mama ana kilo arobaini na moja.