Wageni wa Angani Wamerudi Bila Nkwabi

Machimboni, nje ya Kharumwa
Jumatatu, mvua bado inanyesha

Dada yangu Mama Kulwa,

Shikamoo. Nyingine mpelekee Mama, umpigie goti kwa niaba yangu. Watoto wanaendeleaje? Mtama umeota, au umekuwa kama wa mwaka jana? Na shemeji, goti lake limepona, au bado linamuuma siku za kulima tu?

Kwenye barua watu huandika kwamba wao ni wazima, hofu iko kwa wanaoandikiwa. Mimi ni mzima kweli. Ugali unashuka na usingizi unakuja. Ila hiyo hofu nimeitafuta ili nikuandikie, sikuipata. Hata furaha sina, hata hasira. Nipo tu, dada.

Barua yako alinipa kondakta wa basi la Kahama. Ilikuwa imelowa pembeni lakini inasomeka. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, nitakuja lini, maana Mama bado analala chini kwenye mkeka na amekataa matanga yaanuliwe mpaka mimi na wewe, tuliobaki, tuwe tumekaa pale pamoja naye. La pili umeliuliza kwa upole wako, kama ni kweli yanayosemwa hapo Didia, kwamba nilimleta mdogo wetu Nkwabi kwenye lori, nikashika sepetu, nikamfukia, nikanawa mikono, na kesho yake nikapanda gari kurudi huku na jicho langu kavu. Ni kweli. Waliokuambia hawakuongeza chumvi.

Nitakujibu yote mawili. Lakini kwanza acha nikupe habari za televisheni. Najua utasonya. Sonya, halafu endelea kusoma.

Unakumbuka Nkwabi alipokuwa mpakiaji wa mizigo pale Shinyanga mjini, kwa yule mzee Mhindi wa duka la vitambaa? Jumapili mchana duka likifungwa, mzee alikuwa anatoa televisheni na deki yake uani, anaweka kanda alizotumiwa na ndugu zake wa ng'ambo, na wafanyakazi tunakaa kwenye magunia tunaangalia. Mimi nilikuwa naenda kila nikipeleka kuku mjini. Ndipo tulipoiona ile ya wageni wa angani, wanaoshuka na chombo chao kama mfuniko wa sufuria, wanavaa sura za watu na kuuteka mji. Ilikuwa ya vipande vingi, kila Jumapili kipande.

Mfasiri alikuwa Nkwabi. Dada, wewe unajua Kiingereza cha Nkwabi kilikuwa cha kumsalimia mwalimu, baada ya hapo anakaa chini. Lakini alikuwa anasimama pembeni ya ile televisheni na kututafsiria neno kwa neno, bila hata kukohoa. Akatuambia wale wageni wamekuja kwa sababu kwao mvua imekataa, ng'ombe wao wamekonda, wanatafuta malisho. Tukiuliza mbona hatuwaoni hao ng'ombe, anasema wako nyuma ya chombo, watashushwa mwisho. Mzee wa duka alikijua Kiingereza vizuri sana. Alikuwa anacheka mpaka anavua miwani kufuta macho, lakini hakumsahihisha hata siku moja.

Na kuna jambo moja ambalo wote tulilishangaa. Wale wageni hawalii. Mwenzao akifa, wanamwangalia tu kisha wanaendelea na safari. Nilimuuliza Nkwabi, mbona hawa hawana msiba? Akasema, "Kaka, hawa wako safarini. Machozi yao wameyaacha kwao, watayakuta wakirudi." Alilisema kama mtu aliyeulizwa bei ya chumvi.

Wewe na Mama mlizisikia habari hizo nyumbani, alivyokuwa anawasimulia jikoni. Mama alizishika kuliko sisi wote. Kila Nkwabi akija, kabla hajatua mzigo, Mama anamuuliza, "Na wale wageni wako, wamepata malisho?" Naye anajibu, "Bado, Mayu, wanahangaika."

Basi, wale wageni wamerudi. Baba Asha, mwenye banda la video hapa machimboni, amekwenda Mwanza na kuleta kanda mpya. Akaandika kwa chaki kwenye ubao wake kwamba ni wale wale, lakini wametengenezwa upya kuanzia mwanzo, na watu wapya. Mvua imejaza maji maduara yote tunamochimba, hakuna anayeshuka chini wiki hii, kwa hiyo jana mchana kambi nzima ilikuwa bandani. Mimi sikuwa na hamu. Bahati, yule Msumbwa tunayechimba naye, ndiye aliyenivuta mkono. Alisema nikikaa ndani peke yangu nitaota uyoga.

Kwa hiyo nilikwenda, na nikaangalia. Nitakuambia nilivyoiona, maana najua utamsimulia Mama.

Picha ni nzuri mno. Ile ya zamani, ukitazama vizuri, ulikuwa unauona uzi unaoning'iniza chombo. Hii ya sasa chombo ni kikubwa na cheusi, kinafunika jua, na kikipita spika za Baba Asha zinatikisa mabati. Yule bwana mnene mwenye masharubu aliyekuwa akipigana nao hayupo. Wamemweka kijana mwembamba anayepiga kelele sana na kukimbia sana. Mke wake, ambaye zamani kazi yake ilikuwa kuchungulia dirishani, sasa ana bunduki, na kusema kweli anaitumia vizuri kuliko mumewe. Ule wimbo wa mwanzo wa ngoma, ambao Nkwabi alikuwa anaupiga kwa vidole kwenye karai, wameuondoa. Sasa kuna mlio tu, kama wa jenereta inayokaribia kuzima.

Watu walibishana. Wazee wa kambi wakasema hii siyo yenyewe. Vijana wakasema ya zamani ilikuwa ya sufuria na vijiko. Kila mtu alikuwa na moto wake. Mimi nilikuwa nimekaa naangalia vinywa vyao vikifunguka na kufungwa. Jengo likianguka kwenye picha, banda lote linaguna. Mimi naona jengo limeanguka, basi. Watu wakafunikwa na kifusi, akina mama wakaziba macho, na Bahati aliyesimama nyuma nikamsikia akisonya na kutoka nje kidogo. Alifikiri nitaumia. Sikuumia, dada. Nilikiangalia kile kifusi na nikawaza tu kwamba ni kikavu, chetu cha duarani kilikuwa na maji. Nilipoona nimewaza hivyo nikajishangaa, halafu hata mshangao wenyewe ukaisha.

Anayefasiri hapa ni Baba Asha mwenyewe. Kiingereza anakijua, alifanya kazi bandarini. Ilipofika mahali mgeni mmoja anakufa na wenzake wanamruka na kwenda zao, mzee mmoja mbele akauliza, "Sasa hawa mbona hawamlilii mwenzao?"

Baba Asha akasema, "Hawa hawana moyo, mzee. Ndani ni mashine. Wamekuja kuchimba tu, wachukue kilichopo ardhini, waondoke."

Banda likacheka. Mtu akasema, "Kumbe ni wachimbaji wenzetu!" Wakacheka zaidi.

Mimi nikasimama. Sijui nani aliniinua. Nikasema kwa sauti, "Siyo hivyo. Hawa wanatafuta malisho, kwao kuna ukame. Na machozi wameyaacha nyumbani, watayakuta wakirudi."

Ungesikia lile banda. Walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Baba Asha akasimamisha kanda akaniuliza, "Malisho? Ng'ombe wako wapi, Mabula?" Nikamwambia wako nyuma ya chombo, watashushwa mwisho. Dada, nilikuwa nambishia mtu anayekijua Kiingereza. Na wakati uleule nilikuwa najua kabisa kwamba Nkwabi alikuwa anatunga. Nilijua tangu zamani, kama mzee wa duka alivyojua. Lakini sikuweza kukaa nimsikie mtu akiwaita mashine.

Nikakaa. Kanda ikaendelea.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Hapa bandani kuna desturi. Benchi ni chache, watu ni wengi. Ukitaka kumshikia mwenzako nafasi unaweka kitu, kofia au kandambili, na hakuna anayekigusa. Huku mtu anaweza kukuibia shoka lakini hawezi kukaa kwenye nafasi yenye kofia. Tangu Nkwabi alipoacha mizigo akanifuata huku kuchimba, mimi na yeye tulikuwa tunafanya hivyo kila Jumapili, kwa sababu yeye alikuwa anachelewa. Alikuwa hawezi kutoka bila kuoga na kupaka mafuta, hata kama anakwenda kukaa gizani.

Jana niliingia nimevaa kofia yake, ile ya bluu. Nikakaa, nikaivua, nikaiweka pembeni yangu. Mkono ulifanya wenyewe. Watu wakajaa mpaka mlangoni. Akaja mgeni mmoja, mtu mzima, nguo zinatiririka maji, akanisalimia kwa adabu, "Mwadila, ndugu yangu. Hapa kuna mtu?"

Nikamjibu, "Yupo, anakuja."

Yule mzee akashukuru, akaenda kusimama. Nami nikaendelea kuangalia televisheni. Sikuona kwamba nimesema kitu cha ajabu. Waliokuwa karibu wote wananifahamu, wote walikuwapo siku tulipomtoa Nkwabi duarani, na hakuna aliyeigusa ile kofia. Bahati alisimama kanda nzima, pamoja na mgongo wake mbovu, na hakuja kukaa pale. Kilipokwisha kipande na taa kuwashwa, nikageuka kusema, "Umeona mke wake anavyolenga?" Ndipo nikaiona kofia, imekaa peke yake kwenye benchi.

Bahati akaja akaikung'uta, akaniwekea kichwani. Akasema, "Twende tukale." Tukaenda tukala.

Hata hapo sikulia, usije ukafikiri barua hii inakwenda huko. Nilikula nikamaliza sahani. Lakini leo asubuhi nimeisoma tena barua yako na nimeona kwamba nimekuwa nakimbia kitu kisichonifukuza. Nilikuwa naogopa kuja hapo nikae mkekani, watu wote waniangalie usoni na kuona hakuna kitu. Mama anione hakuna kitu. Hilo tu ndilo lililonirudisha huku kesho yake, dada, siyo kazi. Kazi gani, duara lenyewe lilikuwa limefungwa. Waambie hivyo wanaosema, au usiwaambie, shauri lako.

Nkwabi alitunga, najua. Ila sina maelezo mengine ninayoyaweza zaidi ya hayo yake. Labda na machozi yangu niliyaacha huko siku ile nilipopanda gari. Labda nitakuja na nisiyakute, nitakaa tu hapo kama gogo. Nimeona ni afadhali nikae kama gogo karibu na Mama kuliko huku.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba nakuja. Mvua ikipungua barabara ya Kahama itapitika, na Bahati amesema atanisindikiza mpaka Didia, ingawa nafikiri anataka kuhakikisha sishuki njiani. Mumtafutie mahali pa kulala, anakoroma. Msinisubiri kwa chakula maalumu. Wembe muwe nao tayari, nitanyolewa pamoja na ninyi.

Nisalimie shemeji na umwambie nikifika nitalikagua goti lake mwenyewe, shambani. Wasalimie Kulwa na Doto, wasigombanie peremende niliyoifunga humu, ni moja lakini inavunjika katikati. Msalimie baba mdogo anayetushikia ng'ombe, na yule jirani yetu mama mkunga aliyekesha na Mama siku zile, ambaye sikumshukuru. Mwambie namshukuru.

Mama akikuuliza nimeandika nini, msomee ya televisheni. Akitaka kujua kama wale wageni wamepata malisho, mwambie bado wanahangaika, lakini mmoja wao amechoka na anarudi nyumbani.

Na ombi moja. Nimeifunga kofia ya Nkwabi pamoja na barua hii, ndiyo maana bahasha imevimba. Iweke kwenye mkeka, upande wa kulia wa Mama. Mtu akija kutoa pole akataka kukaa hapo, akauliza kama kuna mtu, Mama aseme yupo, anakuja.

Ni mimi mdogo wako,
Mabula