Eti Bhoke Mpole

Jumatano usiku, Nyanungu

Eti mtoto mpole. Hayo ni maneno ya mama mkwe wangu, na mimi simwamini tena.

Jana nilijifungua asubuhi kituo cha afya, na jioni hiyohiyo tulikuwa juu ya bodaboda tunarudi nyumbani. Nesi aliniuliza najisikiaje. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akamjibu kwa Kikurya, wakacheka, nesi akaniruhusu. Mimi mtu wa Geita, Kikurya kwangu ni kama mvua juu ya bati. Alimwambia nini? Mume wangu Chacha anasema mama yake amezaa wengi, anajua.

Leo nimemvua Bhoke nguo nimuogeshe, nikakuta kitovuni samli na majivu. Nesi alikataza kupaka chochote, na hilo alilisema kwa Kiswahili, tukasikia wote.

"Mama, nani kampaka?"

"Sisi wote tulipakwa. Tulikufa?"

Nikamwambia mtoto hanyonyi tangu mchana na mwili una moto. Akasema nitulie, ni mpole kama baba yake.

Labda namwonea. Labda ni uchovu wangu tu, na hii damu ambayo...

Sasa hivi nimemfinya mguu makusudi, ili alie. Hajalia.

Nimemwamsha Chacha, ametoka kutafuta pikipiki. Mama amesimama mlangoni anauliza tunakwenda wapi usiku huu. Atajibiwa na mwanawe.

Tukifika kituoni, nesi akiuliza, najibu mwenyewe.